Hesabu ya Kliniki ya Dada Yangu

Mtu wa Kisumu hafundishwi kuchomoa. Anazaliwa nayo. Ngurumo ya kwanza ikilia upande wa milima ya Nandi, hata kabla tone halijaanguka, mikono ya watu wote inakwenda ukutani. Televisheni inachomolewa, friji inachomolewa, simu inazimwa kabisa na kutiwa kabatini, na ziko nyumba ambamo hata kioo cha kujitazamia hugeuzwa uso. Usiwacheke. Radi ya kwetu si hadithi. Inaua ng'ombe malishoni na watu vibandani, na kila mtu ana jirani wa kumsimulia. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na mama yetu alikuwa akinguruma kuliko mbingu: "Chomoa! Yawa, chomoa hiyo kitu!" Halafu Mungu, ambaye naye anapenda utani, akanipa kazi ambayo adui yake mkubwa ni huko kuchomoa.

Kazi yangu ni hesabu. Nikisema hivyo watu hudhani mimi ni mhasibu, wananivuta pembeni harusini kuniuliza mambo ya kodi. La. Mimi huandika maagizo, mistari na mistari ya maagizo tunayoiita skripti, na programu ya takwimu inayafuata yenyewe bila mimi kukaa pale kubonyeza kitu. Katika mradi huu ninaousimulia, maagizo yale hayakuendeshwa kwenye kompyuta moja. Yaliendeshwa kwenye kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja ndani ya kliniki yake, kuzunguka ufuo wa ziwa na kupanda hadi Muhoroni kwenye miwa.

Ilikuwa hivyo kwa sababu rekodi za wagonjwa haziruhusiwi kutoka kliniki. Mama aliyejifungua ni nani, alifika saa ngapi, mtoto alilia au hakulia, hayo yanabaki palepale yalipoandikwa. Hiyo ni sheria nzuri na siilalamikii. Basi badala ya rekodi kunifuata mimi mjini, nilikuwa natuma skripti izifuate zenyewe. Inafika, inafungua rekodi, inazichanganya kama karata, inahesabu, inazichanganya tena, inahesabu tena, maelfu ya mara, ili tujue kama kile tunachokiona ni kweli au ni bahati tu. Ikimaliza inanitumia jibu fupi. Kliniki kubwa hujibu upesi, kwa maana akina mama ni wengi na ukweli unajitokeza wenyewe. Kliniki ndogo lazima ibanwe na kukamuliwa kwa njia nzito zaidi, na kwa zile kompyuta kuukuu tulizokuwa nazo, hapo ni kukaa na kungoja mpaka uzeeke.

Na kliniki ndogo kuliko zote ilikuwa ya dada yangu.

Dada ni muuguzi. Kliniki yake iko upande wa Nyakach, karibu na maji, mwisho wa barabara ya udongo mweusi. Akina mama wa pale wanamwita daktari, naye alishachoka kuwakataza. Mradi ulimjengea chumba cha kujifungulia, ukaweka kitanda, taa nzuri na kifaa cha kumpasha mtoto joto, ukalipa na muuguzi wa pili wa kumsaidia. Kabla ya chumba kile, mwanamke aliyeshikwa na uchungu alipakiwa kwenye pikipiki, mbele dereva, nyuma shemeji wa kumshikilia, wakaanza safari ya hospitali kubwa. Wengine walifika. Wengine walijifungulia njiani, kwenye nyasi, na dada ameitwa kwenye nyasi hizo mara nyingi kuliko anavyopenda kusema.

Sasa fedha za mradi zilikuwa zinapungua. Wafadhili wakasema hivi: vyumba vitakavyoonyesha kwa hesabu kwamba vimesaidia, vitaendelea. Vitakavyoshindwa kuonyesha, vitafungwa. Mkutano ni Ijumaa saa tatu asubuhi. Nilipomwambia mkubwa wangu kwamba mojawapo ya kliniki hizo ni ya dada yangu, alitabasamu akasema, "Hakuna shida. Mashine haijui nani ni dada ya nani." Ni kweli. Haijui lolote, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Kwenye skrini yangu ofisini nilikuwa na ukurasa wenye mstari mmoja kwa kila kliniki, kijani ikiwa inafanya kazi, kijivu ikiwa imekufa. Asubuhi yote kijani, napiga mluzi. Ikifika saa tisa mchana, msimu wa masika huo, zinaanza kuzimika. Ya kwanza ni Muhoroni, kwa kuwa mvua yetu hushuka kutoka milimani. Kisha zile za njiani. Mwisho zile za ufuoni, moja, nyingine, nyingine, mpaka ukurasa mzima unakuwa rangi ya jivu. Ningeweza kutangaza hali ya hewa redioni kwa kuangalia tu kompyuta zinavyokufa. Na zikiwashwa kesho yake, hesabu inaanza upya tangu mwanzo, kana kwamba jana haikuwahi kuwepo.

Napiga simu kliniki mojawapo. "Daktari, mbona umezima?"

"Ala! Na mvua je?"

Ninajibiwa kwa sauti ile mtu anayomjibu nayo mgonjwa wa akili, kwa upole. Nikaeleza kwamba tuliwapa makusudi waya wa kuzuia mshtuko wa umeme. Wakasema ndiyo, ndiyo, tumeelewa. Nikachapisha karatasi zenye herufi nyekundu, USICHOMOE, nikazunguka nazo mwenyewe kliniki moja baada ya nyingine nikizibandika juu ya soketi. Nilirudi kwenye mojawapo baada ya mvua. Karatasi ilikuwa palepale, haijaguswa, tena mtu alikuwa ameipanguza vumbi. Chini yake plagi ilikuwa imechomolewa, waya umekunjwa vizuri kama mshipi, na kompyuta imefunikwa leso ili isiogope. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mama wa usafi alikuwa amesimama kando, anangoja nimshukuru. Nikamwambia ero kamano, nikaondoka.

Basi nikaona heri niache kupigana na watu, nipigane na skripti. Nikaiandika upya ili kila baada ya muda mfupi iweke akiba ya ilipofika. Ichomolewe, ichomekwe, itaendelea ilipoachia. Kwa kliniki nyingi ilikuwa dawa kabisa. Skripti mpya ilipaa kwa mtandao, ikaingia, na kufikia Jumanne majibu yakaanza kuja, moja baada ya jingine, nami nikayapanga mezani kama mtu anayeanika omena, dagaa wa ziwani.

Kwa dada haikufika. Mtandao wa kule ni wa kupanda na kushuka, na faili ilikuwa inakatika katikati kila mara. Kompyuta yake ikabaki na ile skripti ya zamani, kila mchana inakufa, kila asubuhi inaanza moja. Jumanne jioni nikampigia.

"Dada, lazima wewe mwenyewe uiweke."

"Mimi? Wewe ndiye fundi."

"Mimi niko mjini natengeneza zile nyingine. Nitakuongoza kwa simu."

Akaguna. Dada ni wa kwanza kwetu, mimi ni wa mwisho. Alinibeba mgongoni, alinifua nepi, na tangu nijifunze kusema nimekuwa nikipokea amri zake. Kumpa yeye maagizo ilikuwa ni kupindua serikali. Lakini Jumatano asubuhi alitembea na simu mpaka kwenye tangi la maji, mahali pekee ambapo mtandao unashika vizuri, akaipokea faili, akarudi nayo ndani, akaiunganisha simu na kompyuta kwa waya.

"Fungua ile folda."

"Gani? Ziko nyingi."

"Ile ya njano."

"Zote ni za njano, wewe!"

"Ile niliyoandika jina la kliniki."

"Ehe. Nimefungua. Sasa?"

"Buruta ile faili mpya uiangushe humo."

"Imekataa. Imeandika kitu ya Kizungu, ndefu."

"Nisomee."

"Ngoja kidogo, kuna mama hapa amejishika mgongo."

Nilisikia kiti kikisogezwa, sauti yake ikibadilika kuwa laini, akimwambia mtu kwa Dholuo mos, mos, pumua, keti hapa. Kisha akarudi kwangu akiwa mkali vilevile. Tulikwenda hivyo asubuhi nzima. Aliifuta faili isiyo yenyewe, nikamfundisha kuirudisha. Aliandika amri yangu ikiwa na nafasi pasipo na nafasi, kompyuta ikakataa, akaitukana. Mimi nilikuwa nimefumba macho ofisini nikiiona skrini yake kichwani, nikitamani mikono yangu ingekuwa mirefu ifike Nyakach. Ni kitu cha kuumiza sana, kujua hasa kidole kinapaswa kwenda wapi na kidole chenyewe si chako.

Halafu akapiga kelele. "Inatembea! Nambari zinatembea!"

"Zinapanda?"

"Zinapanda, haki ya Mungu!"

Kwenye ukurasa wangu mstari wake ukawa kijani. Tulicheka sote wawili, yeye kule, mimi huku, na wenzangu ofisini wakageuka kunitazama. Mchana ule ikanguruma, akachomoa, mvua ikanyesha ikapita, akachomeka, na hesabu ikaendelea ilipoachia kama nilivyoahidi. Nililala vizuri.

Alhamisi mchana ilikuwa imevuka robo tatu. Kliniki nyingine zote zilikuwa zimemaliza. Nilipiga hesabu ya hesabu: ikienda bila kusimama, itamaliza saa tatu usiku. Ikisimamishwa kidogo, itamaliza usiku wa manane. Hata hivyo ningewahi. Nilichemsha chai, nikaketi mbele ya ule ukurasa kuangalia mstari mmoja tu wa kijani, kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa.

Saa tisa mbingu ya upande wa Nandi ikawa nyeusi tititi. Si kijivu cha kila siku. Nyeusi. Radi ilikuwa inapasuka huko mbali bila kupumzika, na Muhoroni wakaripoti kwa simu kwamba paa la soko limekwenda. Ofisini kwetu watu walishaanza kuchomoa. Mimi nilikuwa na laptopu yenye chaji, nikaiinamia palepale. Simu ikalia. Dada.

"Huku imeanza kunguruma," akasema. "Hii ni mbaya. Nichomoe au niache?"

Kule kwake kila kitu kinatoka kwenye waya mmoja: kompyuta, friji ya chanjo, kifaa cha kumpasha mtoto joto. Waya ule wa kuzuia mshtuko tuliompa ni wa bei rahisi, nami niliujua vizuri kwa sababu ni mimi niliyeununua. Nyumba ya jirani wa kliniki ilipigwa radi masika yaliyotangulia, soketi zikaruka ukutani.

"Kuna mtu ndani?" nikauliza.

"Kuna msichana, mtoto wa kwanza, ameanza uchungu. Wewe niambie. Wewe ndiye unajua hiyo hesabu. Nikichomoa tutachelewa?"

"Huenda."

"Nikiacha je?"

Nilitamani mtu mwingine ajibu. Nilitazama ofisini, hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Skripti yangu inajua kuchanganya bahati maelfu ya mara ikakwambia kitu kimetokea kwa nguvu kiasi gani, lakini kuhusu radi hii, hapa, leo, juu ya paa la dada yangu, haikuwa na la kusema. Nilikipenda chumba kile. Nilimpenda dada yangu zaidi, na yule msichana asiyejulikana kwangu alikuwa amelala karibu na waya uleule.

"Chomoa," nikasema.

"Na hesabu?"

"Itaendelea ilipoachia. Mvua ikipita tu, chomeka. Tutawahi."

"Haya. Nachomoa. Na simu nazima."

"Usizime simu! Dada, simu usi..."

Alishazima. Mstari wake kwenye skrini ukawa kijivu.

Sasa sikiliza. Mvua ile haikufika. Sijui ilikula nini Muhoroni ikashiba, lakini ilipofika uwanda wa mpunga ilitawanyika, ikatoa matone machache ya kulowesha vumbi, na saa kumi jua lilikuwa linawaka juu ya ziwa kama vile hakuna lililotokea. Kisumu mjini watu walirudi kuchomeka. Nyakach hakukunyesha hata tone. Stima haikukatika hata dakika moja. Nilijua hayo kwa sababu nilipiga simu kwa mwenye duka aliye mwanzoni mwa ile barabara ya udongo, akasema, "Kukavu kabisa, bwana. Hata nguo zimekauka."

Nikampigia dada, ikanijibu ile sauti ya mashine kwamba hapatikani. Mteja. Nikapiga tena. Mteja. Muuguzi wa pili alikuwa likizo. Mama wa usafi simu yake iko kwenye kabati moja na ya dada, kwa sababu ikinguruma simu zote za kliniki huzimwa na kuwekwa pamoja, na anayezitoa ni yule aliyeziweka. Ndivyo ilivyo pia kwa plagi. Mtu hachomeki kilichochomolewa na mwenzake, labda ana sababu. Na aliyechomoa alikuwa ndani ya kile chumba, mikono yake imeshughulika, mlango umefungwa.

Nikamwomba yule mwenye duka aende. Akasema duka hana wa kumwachia, na ni mwendo, lakini akipita mtu atamtuma. Nikamshukuru. Nilishuka hadi Kondele kutafuta pikipiki. Dereva wa kwanza alicheka. Wa pili alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mzee, mpaka lami inapoishia nitakupeleka. Kutoka hapo, na hii mvua ya jana, ni matope ya kuzika pikipiki. Na jua ndio hilo linaenda. Kesho asubuhi sana nakuchukua." Nilimwambia kesho ni Ijumaa. Akasema anajua kesho ni siku gani. Nilisimama pale katikati ya kelele za Kondele, muziki, mama wa mahindi choma, makanga wakiita Kibuye, Kibuye, nikiwa na simu mkononi inayoniambia mteja, mteja, na sikuwa na pa kwenda. Niliona uchungu mpaka nikataka kumpiga mtu, lakini hapakuwa na wa kupigwa. Kila mtu alikuwa amefanya sawa.

Nilirudi nyumbani. Niliufungua ule ukurasa, nikaufunga, nikaufungua. Nilisali pia, nikajisikia mjinga kumwomba Mungu plagi.

Asubuhi saa moja simu ikalia.

"Msichana!" dada akasema. Sauti yake ilikuwa imechakaa lakini inacheka. "Alinisumbua huyo, wewe acha tu. Alikuja na kamba shingoni. Lakini amelia, na mama yake ni mzima, wote wamelala. Ile kompyuta nimeichomeka sasa hivi, nambari zinatembea. Si itawahi?"

Nilitazama saa. Nilitazama mstari wa kijani. Haingewahi. Hata kompyuta ile ingefufuka ikawa mpya, haingewahi.

"Hongera, dada," nikasema. "Inajitahidi."

Mkutanoni niliketi mwisho wa meza, mimi ndiye mwenye kuonyesha jedwali ukutani. Wageni, yaani wale wafadhili, walikuwa wawili tu chumbani, wengine sauti kutoka kwenye spika. Kila kliniki na mstari wake, na mbele ya mstari jibu: imesaidia, imesaidia, haikuonyesha, imesaidia. Kwenye mstari wa dada palikuwa na neno nililoliandika mwenyewe asubuhi ile: haijakamilika. Nilisimama nikasema kwamba hesabu inaendelea wakati huu tunaoongea, kwamba itafika mchana, kwamba naomba tungoje. Mkubwa wangu aliangalia meza. Sauti moja kwenye spika ikasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, kwamba wanaelewa changamoto za mtandao, lakini tarehe ilikuwa moja kwa wote, na si haki kuibadilisha kwa mmoja. Nikasema si mtandao. Wakanisubiri niseme ni nini. Nikafungua mdomo nieleze ngurumo, kabati la simu, msichana aliyekuja na kamba shingoni, na nikaona jinsi itakavyosikika. Nikasema, "Ni stima." Wakaandika stima. Neno langu lile, haijakamilika, likahamia kwenye safu ya haikuonyesha, na mkutano ukaendelea kwenye ajenda ya magari.

Jibu lilikuja saa saba mchana. Nilikuwa peke yangu, wenzangu wamekwenda kula samaki. Mstari ulipepesa, ukamaliza, ukanitumia nambari zake. Nilizisoma nikazirudia. Chumba cha dada kilikuwa kimesaidia. Haikuwa kwa kubahatisha, haikuwa kwa mashaka. Katika kliniki zote, kubwa kwa ndogo, tofauti ya kabla na baada ilikuwa kubwa zaidi pale. Niliinamisha kichwa mezani nikalia, mtu mzima, kama mtoto aliyenyang'anywa. Kisha nikaosha uso nikaituma kwa mkubwa wangu, naye akaituma kwa wageni, nao wakajibu siku hiyohiyo, lazima niwasifu kwa hilo. Walishukuru. Walisema ni matokeo ya kutia moyo na yatakumbukwa katika awamu ijayo. Awamu ijayo haikuwa na tarehe.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Nyakach kumsaidia kufunga chumba. Kliniki yenyewe ilibaki, ya chanjo na malaria na vidonda, lakini kitanda na kile kifaa cha joto vilikuwa vinaondoka kupelekwa kwenye kliniki iliyoonyesha. Dada alikuwa anashusha mapazia aliyoyashona mwenyewe. Hakuniuliza chochote mpaka akamaliza kuyakunja.

"Ile hesabu yetu ilikuja kuwa nini?"

Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba nitamdanganya. Sikuweza.

"Ilikuwa nzuri," nikasema. "Ninyi ndio mlikuwa wa kwanza."

Aliketi juu ya kitanda kile kisicho na godoro. Akaangalia mikono yake. "Afadhali ingekuwa mbaya," akasema. Kisha akasema, "Hapana. Sijui. Nina hasira sana, na sijui nimkasirikie nani." Nikaketi kando yake. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini angeuliza anisamehe nini, na sisi sote tungeanza kutafuta tusipate.

Nje kwenye benchi palikuwa na akina mama wamekuja kliniki ya wajawazito kama kila wiki, maana hakuna aliyewaambia. Dada alinisukuma bega. "Nenda uwaambie wewe. Mimi nitalia mbele yao, na hiyo haifai. Wewe ndiye unaijua hiyo hesabu."

Nikatoka. Niliwasalimu, nikaeleza kwa Dholuo kwamba chumba kinafungwa. Nilisema fedha zimeisha. Hawakupiga kelele. Mmoja alitikisa kichwa, mwingine akamfunga mtoto wake mgongoni vizuri zaidi. Yule aliyeketi karibu nami tumbo lake lilikuwa limeshuka, hata mimi nisiye daktari niliona siku zake si nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama watu wanavyomsikiliza mgeni kutoka mjini.

"Nimeelewa, baba," akasema. "Sasa mimi niende wapi?"

Nikamwambia hospitali kubwa. Akaitazama ile barabara ya udongo mweusi, akanitazama tena.

"Kwa nini?" akauliza. Alimaanisha kwa nini hapa pasiwe, wakati hapa ndipo alipozaliwa mtoto wa dada yake, na wa jirani yake, na wote wazima. Alikuwa anauliza kweli, anangoja jibu, na wenzake nao wakanigeukia wangoje.

Nikamwambia sijui.